Hamsta, Mkeshaji wa Aleppo

Mwaka 1930, msafara wa mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni ulichimbua shamba la ngano karibu na Aleppo, Syria, ukapata hamsta mama na watoto wake. Hamsta wengi wa rangi ya dhahabu wanaofugwa majumbani leo ni uzao wa familia hiyo. Asili hiyo, msikilizaji, ndiyo inayoeleza tabia za hamsta: huchimba, hubeba chakula mashavuni na hukesha.

Na huishi peke yake. Wapo wauzaji wanaotoa wawili eti wasione upweke. Hamsta wa aina hii waliokomaa wakiwekwa pamoja hupigana hadi kuuana.

Gurudumu la kukimbilia liwe na sakafu isiyo na matundu, maana nyaya hunasa miguu. Tandiko la karatasi liwe na kina cha kuchimbika. Pamba, ingawa yapendeza, humzonga mguuni au kumziba utumbo. Meno ya mbele hayaachi kukua, hivyo apewe kitu kigumu cha kutafuna.

La kuogopwa zaidi ni kuhara kunakolowesha mkia, hasa kwa wachanga. Mnyama anaweza kufa ndani ya siku mbili, kwa hiyo daktari wa mifugo aonwe siku hiyohiyo. Dawa za kabatini zisiguswe: penisilini, inayomponya mtu, huweza kumuua hamsta.

Baridi kali nayo humzimisha, akawa baridi na pumzi haba mno. Kabla ya kushika jembe la kumzikia, apashwe joto polepole.