Usingizi Mbaya Si Uvivu Wala Si Uchawi

(Haya ni maneno ya hotuba ya daktari mmoja mbele ya wazee, akina mama, madereva na walinzi wa usiku waliokusanyika kusikiliza mambo ya afya.)



Leo sikuja kusema habari za malaria wala za kipindupindu, ambazo mmezisikia mara nyingi. Nimekuja kusema habari ya jambo tulifanyalo sote kila siku, tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, nalo ni kulala usingizi. Huenda wengine wenu wanasema moyoni, "Je, kulala nako kwahitaji mwalimu?" Naam, kwahitaji, na sababu yake nitawaonyesha.

Watu wa kandokando ya Ziwa la Viktoria walisikia kwa wazee wao habari ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi ya Uganda, hasa katika Busoga na visiwa vya ziwa. Mgonjwa wa malale husinzia mchana, hata akila au akizungumza, na usiku hukesha. Mtu asiyejua sababu angeweza kumwita mvivu, au kusema amerogwa; kumbe kidudu kimeingia katika damu yake na kisha katika ubongo. Sababu ilipojulikana, njia ya kupigana na ugonjwa ilipatikana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ya kuwa Kenya imeyashinda malale, hata si tatizo tena la afya ya watu wote.

Nimewakumbusha malale kwa sababu moja. Yako maradhi mengine ya usingizi, yasiyoletwa na mbung'o, na wenye maradhi hayo tungali twawaita wavivu au waliorogwa. Hayo ndiyo nitakayoyasema leo.

USINGIZI NI KAZI YA MWILI

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aliyelala amezimika kama taa. Sivyo. Wakati wa usingizi mwili hufanya kazi yake ya kujitengeneza. Moyo hupunguza mwendo, damu hushusha nguvu zake, mwili wa mtoto hutoa maji yake ya kukuza mifupa na nyama, na ubongo hupanga mambo uliyojifunza mchana. Usingizi hwenda kwa zamu: kwanza mwepesi, kisha mzito, kisha usingizi wa ndoto, na zamu moja huchukua kama dakika 90, halafu huanza tena.

Mtu mzima yampasa kulala muda wa saa 7 au zaidi kila siku. Kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji saa 8 hata 10, na mtoto wa shule wa miaka 6 hata 12 ahitaji saa 9 hata 12. Kwa hiyo mzazi amwamshaye mtoto saa kumi ya usiku, naye amelala saa tano, asishangae akisikia kwamba mtoto husinzia darasani. Na mtu mzima apunguzaye usingizi wake mwaka hata mwaka yu katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa nguvu nyingi za damu, kisukari na kunenepa kupita kiasi.

DEREVA ALIYELETWA NA MKEWE

Sasa nitawapa mfano. Dereva mmoja wa lori, ambaye jina lake sitalitaja, alikuwa akichukua mizigo kutoka Mombasa hata Malaba. Usiku mmoja, karibu na Mtito Andei, alishtuka akaona magurudumu ya upande wa kushoto yamekwisha kutoka katika lami. Hakuwa amekunywa pombe. Usiku uliotangulia alikuwa amelala muda wa saa nane kamili. Tajiri wake alimwambia ya kuwa ni mvivu. Jirani zake walisema ametiwa jicho la hasidi. Yeye mwenyewe alinyamaza, kwa kuogopa kwamba akisema anaumwa atapoteza kazi, naye ana watoto wanne wa kusomesha.

Mkewe ndiye aliyemleta kwangu. Alisema, "Daktari, mume wangu hukoroma hata watoto wamehama chumba cha jirani. Kisha hunyamaza ghafla, hapumui. Mimi huhesabu kimoyomoyo, na nikifika ishirini hushtuka kama mtu aliyetoka majini. Hufanya hivyo usiku kucha."

Mama huyo alikuwa ameona ugonjwa wenyewe. Wako watu ambao wakilala, nyama laini za koo hulegea zikaziba njia ya pumzi. Hewa ikikosekana, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kidogo ili apumue. Halafu hulala, na njia huziba tena. Jambo hili laweza kutokea mara nyingi katika saa moja. Mwenyewe hana habari, bali asubuhi huamka na kichwa kizito, na mchana hulala akiwa amekaa. Basi saa nane zake za kulala hazikuwa usingizi. Si kila akoromaye ana ugonjwa huu. Lakini akoromaye kwa nguvu, akakatika pumzi, na akasinzia mchana, lazima apimwe. Hatari huzidi kwa watu wanene na wenye shingo nene. Hata mtoto mwenye mafindofindo makubwa, akoromaye kila usiku, yafaa aonwe na daktari.

Dereva wangu alipelekwa katika hospitali kubwa, akapimwa pumzi yake usiku mzima akiwa amelala. Aliambiwa apunguze uzito, aache pombe ya jioni kwa sababu hulegeza koo, na alale kwa ubavu wala si chali. Tena alipewa mashine ndogo ipulizayo hewa kwa njia ya kifuniko cha pua, hata koo haliwezi kuziba. Mashine ya namna hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Sitawaficha: bei yake ni kubwa, wala haipatikani kila mahali. Lakini tajiri wake, alipoelezwa sababu, alimpa kazi ya ghalani mpaka matibabu yalipomfaa, na leo amerudi katika usukani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha maradhi aliye dereva huwaumbua na abiria.

Madereva mlio hapa, sikieni. Wataalamu waliowapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo waliona ya kuwa wepesi wao wa kutenda ulikuwa kama wa mtu aliyekunywa pombe. Saa za hatari kubwa ni tangu saa sita ya usiku hata alfajiri, na tena alasiri. Kufungua dirisha na kuzidisha sauti ya redio hakumfukuzi adui huyu. Miraa nayo huficha usingizi tu, haulipi deni lake. Ukiona macho yanafumba, simama mahali salama ulale dakika 20. Afadhali mzigo uchelewe kuliko usifike.

KUKOSA USINGIZI

Wako na wengine ambao usingizi wenyewe hauji. Mtu akikosa usingizi siku mbili tatu kwa sababu ya msiba au deni, si ajabu, utarudi. Lakini akiukosa usiku tatu au zaidi katika kila juma, kwa muda wa miezi mitatu, huo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Kwanza itafutwe sababu. Maumivu, kikohozi, kukojoa mara kwa mara, kiungulia, huzuni nyingi na wasiwasi, yote hayo huvunja usingizi. Mzee aamkaye mara nne kwenda haja ndogo apimwe kisukari na tezi ya kiume. Kunguni na mbu wafukuzwe. Chandarua chatufaa kwa malaria na kwa usingizi pia. Wako pia wasumbuliwao na miguu: wakilala tu, miguu huwasha kwa ndani na haitulii mpaka waisogeze. Mara nyingi sababu yake ni upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa akina mama wajawazito, na damu ikipimwa, huweza kutibiwa.

Kisha yafuatwe mazoea haya:

Kwanza, amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya, hata siku ya mapumziko. Pili, usinywe kahawa wala chai kali baada ya saa nane ya mchana, kwa maana nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Tatu, usitumie pombe kama dawa ya usingizi. Huleta usingizi upesi, kisha huuvunja usiku wa manane. Nne, weka simu ya mkononi mbali na kitanda. Tano, kitanda kiwe cha kulalia, si mahali pa kuhesabia madeni. Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la utulivu, na urudi usingizi ukija. Sita, usikae kitandani saa tisa ikiwa walala tano tu. Daktari akuonyeshe namna ya kupunguza saa za kitandani kwanza, kisha kuziongeza kidogo kidogo usingizi ukishikamana.

Mambo haya, yakiongozwa na mtu aliyefundishwa, ndiyo matibabu yenyewe. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilishauri yatangulie kabla ya vidonge kwa watu wazima wakosao usingizi kwa muda mrefu.

VIDONGE NA JIKO

Najua ya kuwa wengine wenu hununua vidonge vya usingizi dukani bila cheti cha daktari. Vidonge vya namna ya diazepam vina kazi yake, kwa siku chache na kwa amri ya daktari. Lakini vikizoewa, kiasi cha jana hakitoshi leo, na kuviacha ghafla kwaweza kuleta degedege. Mzee avitumiaye huweza kuanguka usiku akavunjika nyonga. Navyo vikichanganywa na pombe huweza kuizima pumzi kabisa. Aliyekwisha kuvizoea asiviache kwa siku moja, bali aende kwa daktari avipunguze taratibu.

Neno jingine kwa watu wa nchi za baridi, Limuru na Kinangop na kwingineko. Msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, nayo humuua mtu asiamke. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, ongezeni blanketi.

JINAMIZI

Mwisho, nataka kusema habari ya jinamizi. Mtu huamka usiku, macho yako wazi, lakini hawezi kuinua hata kidole. Huona kitu kizito kimemkalia kifuani, na pengine huona kivuli cha mtu mlangoni. Wengi hutoa mbuzi na fedha kwa ajili ya jambo hili. Ndugu zangu, katika usingizi wa ndoto mwili hufungwa usitende yale yaotwayo. Mara nyingine akili hutangulia kuamka, na mwili ungali umefungwa. Baada ya dakika chache hufunguka wenyewe, wala haui. Huwapata zaidi wachovu, wenye saa za kulala zisizo na utaratibu, na walalao chali. Dawa yake ya kwanza ni kulala vya kutosha na kwa ubavu. Lakini ikiwa jambo hili larudi mara nyingi, na mtu hushikwa na usingizi mchana bila kuweza kujizuia, au magoti humlegea ghafla anapocheka, basi aende hospitali, kwa maana uko ugonjwa wa namna hiyo, nao una dawa.

Nanyi walinzi wa usiku, kazi yenu ni ngumu kwa kuwa mwaulazimisha mwili kulala wakati wa jua. Tieni pazia zito dirishani, mlale saa zile zile kila siku, na wa nyumbani wawape utulivu. Mke amwambiaye mumewe mlinzi, "Amka, jua limetoka," na ajue kwamba kwake yeye sasa ni usiku wa manane.

Basi nirudie neno langu. Mkimwona mtu asinziaye kazini, msimcheke wala msimpeleke kwa mpiga ramli. Mwulizeni amelala saa ngapi, na mwulizeni mwenziwe wa chumbani jinsi anavyolala, kwa maana mgonjwa wa usingizi hajioni. Yule dereva aliponywa na mkewe aliyekesha akihesabu. Leo usiku, kila mmoja wenu amsikilize aliye karibu naye.