Mashine moja, wenye shida wengi



Mwaka 2006 nilimsindikiza shangazi yangu kupima seli za CD4, wale askari wa mwili wanaoshambuliwa na virusi vya UKIMWI. Siku hizo aliyegundulika na virusi hakuanzishiwa dawa papo hapo. Mara nyingi ilingojwa hesabu hiyo ishuke chini ya 200. Tukaambiwa mashine ni mbovu, turudi mwezi ujao. Ng'ambo ya barabara palikuwa na maabara ya utafiti yenye mashine kama ile, nzima, imefunikwa shuka.

Kazi ya mashine hiyo ni ya ajabu. Damu huchanganywa na rangi inayonasa kwenye seli za aina fulani tu. Kisha seli hupitishwa moja moja, kama abiria mlangoni mwa basi, mbele ya mwanga wa leza. Yenye rangi hung'aa, nayo mashine huihesabu, maelfu kwa sekunde moja. Ziko kubwa zaidi, ambazo pia huchambua: tone lenye seli inayotakiwa hutiwa chaji ya umeme, likavutwa kando hadi kwenye chupa yake. Mmarekani Mack Fulwyler alionyesha ufundi huo mwaka 1965 huko Los Alamos.

Kifaa hicho ni ghali, na gharama haiishi siku ya kukinunua. Kinataka vitendanishi, umeme usioyumba na fundi anayekijua. Ndiyo maana vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hukiweka katika maabara ya pamoja. Mtafiti huandikisha zamu na kulipia saa alizotumia, na fedha hizo husaidia matengenezo.

Wako watakaosema cha shirika huharibika upesi. Ni kweli, kikikosa mwenyewe. Basi mtu mmoja akabidhiwe ufunguo, daftari la zamu na lawama.

Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja hesabu. Lakini CD4 bado hupimwa ili kumtambua aliyezidiwa, na saratani za damu nazo huchunguzwa kwa mashine za aina hiyo hiyo.

Shangazi alipata jibu baada ya wiki saba: 38. Dawa zilimwokoa, ila jicho moja lilikuwa limekwisha kupofuka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu msikilizaji. Na mashine iliyofunikwa shuka haipimi damu ya mtu.