Tuitembelee Milima Yetu



 



Nimeombwa niseme maneno machache katika siku hii ya ukumbusho wa jumuiya yetu, na bila shaka wengi wametazamia nizungumze juu ya historia ya misikiti yetu au juu ya elimu ya watoto. Mambo hayo watayasema wenzangu, na watayasema vizuri. Mimi nimechagua kusema juu ya milima.

Mtu akisimama asubuhi mlangoni pa nyumba yake hapa Buyenzi, akaelekeza uso mashariki, huiona milima imepangana safu juu ya safu, na jua huchomoza nyuma yake. Jioni akigeuka magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huiona milima ya Kongo, na huko ndiko jua linakotua. Sisi tumekaa baina ya safu hizi mbili kama watu waliokaa sakafuni katika nyumba yenye kuta ndefu. Walakini wako miongoni mwetu watu wazima waliofika Kigoma, Dar es Salaam, Dubai, hata Makka kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, nao hawajapanda kilima kimoja cha Burundi ila kwa kupita ndani ya basi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Sura ya Al-Ankabut, tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Na katika Sura ya An-Naba ameitaja milima kuwa ni vigingi vya ardhi. Basi kuitembelea milima kwa nia ya kuzingatia si upuuzi wala si kuiga mambo ya watalii. Ni jambo lenye asili katika dini yetu.

Lakini iko sababu ya pili, nayo ndiyo iliyonisukuma kusimama hapa. Katika nchi hii mtu hutambulikana kwa kilima chake. Ukienda ofisini utaulizwa: kilima chako ni kipi? Na mtoto wa Buyenzi aghalabu husitasita kabla ya kujibu. Enzi ya Wabelgiji, mtaa wetu ulihesabiwa kuwa nje ya utawala wa mila, yaani ni mtaa wa watu wasiokuwa na kilima wala chifu. Ukoloni umekwisha tangu tarehe 1 Julai 1962, lakini fikira ile bado haijakwisha. Ni kweli kwamba baadhi ya wazee wetu walitoka Ujiji, na Manyema, na pwani. Ni kweli vilevile kwamba wengi walishuka kutoka katika milima hii hii, wakasilimu, wakajifunza Kiswahili, na watoto wao wakasahau njia ya kurudia.

Na tuseme yaliyo kweli hata kama ni machungu. Mwishoni mwa karne ya 19, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitaka kuiingia Burundi kutoka pande za Ujiji kwa biashara yake, na katika biashara hiyo walikuwamo watumwa. Mashujaa wa Mwami Mwezi Gisabo walimzuia, naye hakupata kuitawala milima. Watu wa juu hawakusahau. Hata leo neno "umuswahili" katika vinywa vya baadhi ya watu lina maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Sisi nasi tukajibu kwa kumwita mtu wa kilimani mshamba. Hivyo wajukuu wa watu wale wale hukutana sokoni kila siku, wakauziana maharage na vitenge, kisha kila mmoja akarudi kwake bila kujua mwenziwe analala wapi.

Basi twendeni tukaone wanakolala.

Njia iliyo nyepesi ni ile ya Bugarama. Gari likitoka mjini huanza kupanda mara moja, na katika mwendo wa kilomita thelathini na kitu hutoka katika joto la ziwa likaingia penye ukungu. Njiani utawaona vijana wa baiskeli, mashujaa wa barabara ile, wakiteremka kwa kasi ya kutisha na mikungu ya ndizi nyuma yao. Wakirudi hujishika nyuma ya malori ili wavutwe mpaka juu. Serikali imewakataza, na ajali zimewaua wengi, lakini ndio waliotuletea ndizi tunazopika. Ukifika Bugarama utaona soko la kando ya njia lenye kabichi, karoti na viazi vilivyooshwa vikang'aa. Shuka garini ununue kwa mwenye shamba mwenyewe.

Atakayetafuta kijiji katika milima hii, kwa maana ya nyumba zilizosongamana kama tunavyozijua ufukoni, hatakiona. Mrundi wa asili hakai kijijini. Kila jamaa wana rugo lao, yaani ua wenye nyumba ndani yake, nalo liko peke yake juu ya mteremko, limezungukwa na migomba, na mashamba yakishuka mpaka bondeni. Kutoka rugo moja mpaka jingine watu huitana kwa sauti. Ukisimama mahali pa juu alfajiri, utaona moshi ukipanda huku na huku katika mamia ya nyua, na kila moshi ni jamaa mmoja. Kwa maoni yangu, katika nchi hii hapana sura nzuri kuliko hiyo.

Upande wa kaskazini wa njia hiyo uko msitu wa Kibira, wa hekta zipatazo 40,000, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Zamani wafalme waliwinda humo. Sokwe wamo hata sasa, na msitu huo umeungana na ule wa Nyungwe katika Rwanda. Pembeni yake, Teza na Rwegura, yako mashamba ya chai, kijani kitupu kilichokatwa sawasawa kama zulia la msikiti. Sitakaa hapo sana, kwa kuwa picha za Teza kila mtu amekwisha kuziona katika kalenda.

Njia ya pili, nayo naipenda zaidi, ni ya Mugamba, kwa kupitia Ijenda. Huko ndiko uliko mlima Heha, mrefu kuliko yote ya Burundi, wenye mita zipatazo 2,670. Kwa kuwa ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, kilele hicho kimetuzidi kwa mita 1,900 hivi. Wataalamu husema kwamba kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa digrii sita au zaidi kidogo. Basi anayetoka hapa akitokwa na jasho atafika juu akitafuta koti. Mugamba ni nchi ya ng'ombe, ya njegere, ngano na viazi, na ya majani mafupi yanayolala kwa upepo. Siku isiyo na ukungu, ziwa huonekana chini kama kioo, na nyuma yake milima ya Kongo. Chagua siku iliyofuata mvua. Katika kiangazi, mwezi wa Julai na Agosti, moshi wa mashamba na vumbi hulifunika ziwa lote, na wengi waliopanda wakati huo wamerudi wakisema hakuna kitu cha kuona.

Mbele zaidi, baada ya Matana, ndipo unapofika Rutovu, na hapa ningependa tutulie kidogo.

Katika Rutovu, chini ya kilima cha Gikizi, iko chemchemi ndogo iitwayo Kasumo. Mtoto anaweza kuiruka. Katika miaka ya 1930 Mjerumani mmoja, Burkhart Waldecker, aliufuata mto Nile na matawi yake kwenda juu mpaka akafika hapo, na mwaka 1938 ikajengwa piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima, ili kuiashiria nchi ya Misri ambako maji hayo huenda. Ndugu zetu wa Rwanda nao wanayo chemchemi yao katika Nyungwe, nao husema yao ndiyo ya mbali kuliko zote. Sina haja ya kuingia katika mabishano hayo. Lisilobishaniwa ni kwamba ya Rutovu ndiyo iliyo kusini kuliko zote.

Tazameni safari ya maji hayo. Hutoka Kasumo yakaingia mto Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria. Yakatoka Jinja katika Uganda, yakapita Sudani zote mbili, yakafika Misri na kumwagika katika Bahari ya Kati. Mwendo wake wote ni zaidi ya kilomita 6,600. Na huo ndio mto ambao mama yake Nabii Musa, alayhi salaam, alimweka mwanawe juu ya maji yake kwa amri ya Mola wake. Mtoto wa madrasa aliyekisoma kisa hicho katika chumba chenye joto hapa mjini, akapelekwa Rutovu akayagusa maji hayo kwa mkono wake, hatakisahau kisa hicho wala hatakisahau kilima hicho. Nawaomba walimu wa madrasa walizingatie neno hili.

Ajabu nyingine ni kwamba uti wa mgongo wa milima hii ndio unaogawa maji ya Afrika. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki litakwenda Misri. Jirani yake likianguka upande wa magharibi, litateremka katika ziwa letu, litoke kwa mto Lukuga, liingie mto Kongo, na kufika Bahari ya Atlantiki. Matone mawili yametoka katika wingu moja.

Sisi ni watu wa tone la magharibi, na jambo hili si la kustaajabia tu. Mto Ntahangwa unaopita ubavuni mwa Buyenzi hutoka katika milima hiyo, na kila mwaka huzila kingo zake pamoja na nyumba za watu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua iliyonyesha juu ya milima ilileta tope na mawe katika mitaa ya kaskazini ya mji huu, na watu zaidi ya 60 wakafa. Miti ya mteremko ikikatwa, udongo hauna wa kuuzuia. Anayelima kule juu na anayelala huku chini wamefungwa kwa kamba moja, na ni aibu kwamba hawajuani hata kwa majina. Tunapochanga fedha za kuwasaidia waliofikwa na mafuriko, na twafanya vyema, sioni kwa nini tusichange vilevile za miche, tukaipanda pamoja na wenyeji katika vilima vilivyo juu yetu.

Sasa niseme juu ya adabu, kwani nimewaona wageni wa mjini wakiharibu.

Ukifika rugo la mtu, usiingie mpaka umepiga hodi na kuitikiwa. Msalimu kwa Kirundi, japo ni kibovu. "Mwaramutse" asubuhi na "mwiriwe" baada ya adhuhuri havigharimu kitu. Huenda mwenyeji akakuletea pombe ya ndizi au ya mtama, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo heshima ya mgeni, na watu hunywa chombo kimoja kwa mirija. Sisi haituhalalikii. Lakini kukataa kuko namna mbili. Iko ya kukunja uso na kuanza mawaidha, na iko ya kupokea heshima ile kwa maneno mazuri, ukaeleza kwamba dini yako imekukataza, kisha ukaomba maji au maziwa. Mwenyeji aliyeombwa maziwa hufurahi. Nyama chukueni ya kwenu, kwa sababu waliochinja huko si Waislamu kila mahali. Mahindi ya kuchoma na viazi havina shaka.

Juu ya sala: anayekwenda Bugarama na kurudi hawi msafiri wa kupunguza, kwa kuwa umbali hautoshi. Anayekwenda Rutovu amevuka kilomita mia, basi kwa madhehebu yetu ya Shafii anaruhusiwa kukasiri Adhuhuri, Alasiri na Isha. Kibla kwetu ni kaskazini, kuegemea kidogo mashariki, nako juu ni hivyo hivyo. Ukungu ukificha jua, tumieni dira. Na vijana wameniuliza kama baridi ya Ijenda ni udhuru wa kutayamamu. Si udhuru, maadamu maji yapo na hayamdhuru mtu. Chukueni birika mkayapashe moto.

Kwa wazee wasioweza safari ndefu, lipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore pale Vugizo, juu kidogo tu ya mji. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na wazee wetu wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono alipotaka uhuru. Kutoka hapo mji wote huonekana, na ziwa, na bonde la Rusizi.

Shauri langu kwa kamati ni kwamba safari ya kwanza iwe ya Rutovu, baada ya mvua za masika, mwezi wa Mei. Waende watoto wa madrasa waliokwisha kuhitimu juzuu ya Amma, pamoja na wazazi wao, wanaume kwa wanawake. Gari liondoke mara baada ya sala ya Alfajiri, ili Adhuhuri na Alasiri zisaliwe pamoja penye chemchemi. Kila mtoto awe na sweta, na kila mzee aliye na kilima anachokikumbuka huko njiani akae upande wa dirisha, awaonyeshe wajukuu wake.