Tuhesabu watu wa siku kijiji kimejaa
(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika kwenye mkutano wa wanachama)



Siku moja baba mmoja wa chama chetu alinisimamisha njiani. Akaniambia: “Mwanangu, mnatuchosha na mambo ya vyoo. Wazungu wa kule milimani, barafu yao ni nyeupe, maji yao ni safi. Hawajui shida hii.” Nikamjibu: “Baba, iliwapata. Nitaeleza siku ya mkutano.” Basi, siku ndiyo hii.

Kuko mji mdogo wa Uswisi unaitwa Zermatt, mita 1,600 hivi juu ya bahari, chini ya mlima Matterhorn. Leo wakazi wake ni karibu 6,000. Lakini watalii wakija kuteleza juu ya theluji, hesabu hiyo inaongezeka mara kadhaa. Mapema mwaka 1963, msimu ukiwa umejaa, tifoide iliingia pale kupitia maji ya kunywa yaliyochafuliwa. Watu zaidi ya 400 waliugua, 3 wakafa. Tifoide haionekani siku ileile. Inaweza kujificha mwilini wiki moja mpaka tatu. Kwa hiyo wageni wengine waliugua wakiwa wamekwisha kurudi kwao, mpaka Uingereza. Habari ilichelewa kutangazwa. Mwishowe hoteli zilifungwa, na msimu ule waliouogopea ukapotea.

Haikuwa Zermatt peke yake. Mwaka 1965, kwa Waswisi 100, ni 14 tu ambao maji yao machafu yalifika kwenye mtambo wa kusafisha. Leo wanapita 97. Walitunga sheria, na kila nyumba inalipa.

Leo mtambo wa Zermatt uko ndani ya mwamba. Wavu unazuia takataka, mchanga unatua chini. Kisha vijidudu wanaopuliziwa hewa wanakula uchafu, na maji yanachujwa kabla ya kurudi mtoni. Mto ule unaingia Rhône, na Rhône inaingia ziwa la Geneva, ambako wengine wanateka maji ya kunywa.

Ugumu wao ni huu: wageni wanajaa wakati wa baridi, na baridi ndiyo inayowafanya vijidudu kuwa wazito kwa kazi. Wala huwezi kuwazidisha kwa siku moja. Kwa hiyo fundi hahesabu watu wa siku ya kawaida. Anahesabu watu wa siku mji umejaa, na anajitayarisha mbele.

Sasa turudi kwetu. Theluji hatuna, lakini siku ya kujaa tunaijua. Lori linashusha familia, kesho lingine. Sisi wenyewe tulishuka kwenye lori kama hilo. Vyoo vinabaki vilevile, na kisima kiko palepale chini ya mteremko. Mwenye kukumbuka Goma, Julai 1994, hahitaji Mswisi wa kumfundisha namna kipindupindu kinavyotembea.

Niko na maombi matatu.

La kwanza ni kwa komite. Pesa ya matanga isiguswe, ni heshima yetu. Lakini tutenge sehemu ya mchango kwa ajili ya vyoo kabla kundi lingine halijafika, vichimbwe mbali na kisima na upande wa chini yake. Tukingoja wafike, tutachimba kaburi kwanza.

La pili ni kwa wazazi. Mtoto akiwa na homa isiyoisha, au anahara kama maji, semeni mapema. Najua tunaogopa jirani aseme: “Waliorudi ndio wameleta ugonjwa.” Zermatt nao waliogopa jina baya. Kunyamaza hakukuwaponya.

La tatu ni kwa wafadhili. Tunashukuru kwa picha za vyoo vipya. Lakini rudini mwaka wa pili, muulize: shimo limejaa? Nani ana ufunguo? Nani analipa fundi? Choo kisicho na mwenyewe hakimalizi mvua mbili.

Baba aliyenisimamisha njiani yuko hapa leo. Baba, nimelipa deni langu. Lililobaki ni la sisi wote.