Mchoro, Maji na Mita 121.5: Kuchagua Kitongoji cha Kuwekeza Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu hao milioni moja wa nyongeza hawakwenda kubanana Upanga. Wengi waliishia Chanika, Goba, Kibamba, Bunju, Toangoma na Kigamboni, ambako shamba la mikorosho hugeuka kiwanja kabla hata korosho za msimu hazijaokotwa. Huko kila dalali ana wimbo mmoja: bei inapanda, wahi. Huenda hasemi uongo. Lakini jiji hili linatanuka pande zote, na mwenye fedha ya kiwanja kimoja hawezi kununua pande zote.

Kwanza hesabu ya kodi, kwa mfano wa kubuni tu. Nyumba iliyogharimu shilingi milioni 120, kiwanja na ujenzi pamoja, ikipangishwa kwa 600,000 kwa mwezi huleta milioni 7.2 kwa mwaka, yaani asilimia 6. Mpangaji akiwa kampuni, hukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwenye nyumba anabaki na asilimia 5.4, kabla ya rangi, kabla ya paa linalovuja, kabla ya miezi ambayo nyumba inakaa tupu. Hati fungani za Serikali za miaka 25 zimewahi kutolewa kwa riba ya asilimia 12.56, na hazina paa. Kwa hiyo anayejenga pembezoni ili apangishe, ajue asijue, anategemea zaidi ardhi yenyewe ipande thamani. Hapo ndipo uchaguzi wa kitongoji unapokuwa uamuzi mzito kuliko ramani ya nyumba.

Ardhi hupandishwa thamani na nini? Ushahidi bora uko Sinza. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla havijajengwa, ikachora barabara na kuacha njia za mabomba. Mradi huohuo ulikwenda pia Manzese, palipokwisha kujaa nyumba, ukajaribu kuboresha kilichokuwepo. Mchumi Guy Michaels na wenzake walichunguza maeneo ya aina zote mbili katika miji kadhaa ya Tanzania, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021 katika Journal of Political Economy. Miongo mingi baada ya mradi, maeneo yaliyopimwa mapema yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, bora zaidi, zilizopangika, na ardhi ya bei ya juu. Yaliyoboreshwa baada ya watu kujaa hayakuonyesha tofauti ya namna hiyo. Barabara ikishazibwa na kuta za watu, kuifungua ni kesi, fidia na machozi.

Serikali ilirudia somo hilo mwaka 2002 kwa mradi wa Viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni na kwingineko. Vyote vilipimwa, ila havikukua kwa mwendo mmoja. Mbweni ina bahari na haiko mbali na Barabara ya Bagamoyo. Buyuni iko huko Chanika, safari ndefu kwa anayeripoti kazini Posta saa mbili asubuhi. Na maji nayo yana njia zake. Bomba kuu la Ruvu Chini hufuata upande wa Bagamoyo, la Ruvu Juu upande wa Morogoro. Kigamboni, ng'ambo ya mkondo wa bahari, kwa miaka mingi iliishi kwa visima.

Kigamboni inastahili kusomwa na kila mwekezaji. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, wenye picha za maghorofa ya vioo. Wakazi wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, wakangoja fidia mwaka hadi mwaka, na mji wa kwenye picha haukuja. Kilichokuja, Aprili 2016, ni daraja lenye urefu wa mita 680, lililojengwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa kushirikiana na Serikali. Kabla yake njia zilikuwa mbili: pantoni ya Magogoni au kuzunguka Kongowe. Tangazo liliwafunga watu mikono. Nguzo za zege ndizo zilizowafungulia njia.

Hata barabara yenyewe ina makali. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Mwaka 2017 bomoabomoa ilipita Kimara hadi Kiluvya ikaangusha nyumba zaidi ya elfu moja, nyingine za ghorofa, nyingine zenye umeme na maji yaliyounganishwa na mashirika ya umma. Leo njia hiyo ni pana, na stendi ya mabasi ya Magufuli iko Mbezi tangu 2021. Faida imewaangukia waliojenga mita ya 130.

Mabondeni hakuna haja ya maneno mengi: mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha wakazi wa Jangwani wahamishiwe Mabwepande, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mnunuzi, basi, aende kukiona kiwanja mwezi Aprili, mvua ikinyesha, na si Jumapili alasiri na gari la dalali. Afanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipa, maana muhuri wa serikali ya mtaa hauzai hati. Aliyeko Muscat au London na amechukua uraia wa huko aulize kwanza sheria ya sasa, maana Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Na kwa mwenye fedha ya kiwanja kimoja tu, kiwanja kidogo kilichopimwa Kibada ni bora kuliko ekari nzima ya Mkuranga isiyo na mchoro.