Chama Kikiwa Tajiri: Somo Kutoka Israel

(Hotuba iliyosomwa katika darasa la wanachama)



Leo twataka kusema habari za nchi ya Israel. Hatuji na siasa za magazeti. Tunaileta habari hii kwa sababu ya shauri lililo mbele yetu. Wako wanachama wanaotaka fedha za chama zinunue mabasi na nyumba za kupangisha, ili chama kipate faida. Wako wengine wanaoogopa. Kabla ya kukata shauri, yafaa tutazame mahali ambapo chama cha wafanya kazi kilifanya biashara kwa ukubwa usio na mfano katika nchi nyingi.

Chama hicho ni Histadrut. Kilianzishwa katika mji wa Haifa mwezi wa Desemba 1920, wakati Palestina ilipokuwa chini ya Waingereza. Tangu 1921 hata 1935 katibu mkuu wake alikuwa David Ben-Gurion, ambaye mwaka 1948 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Israel. Histadrut haikungoja matajiri wajenge nchi. Ilifungua benki yake, Bank Hapoalim, mwaka 1921. Ilikuwa na kampuni ya ujenzi, Solel Boneh, na baadaye viwanda vya Koor. Ilikuwa na hazina ya matibabu, na mgonjwa aliyetaka kutibiwa na hazina hiyo sharti awe mwanachama. Wakati wa nguvu zake, karibu mfanya kazi mmoja katika kila watano wa nchi ile alikuwa ameandikwa kazi katika mashirika yake.

Mambo hayo yaliwavutia Waafrika. Mwaka 1960 Histadrut ilifungua chuo katika Tel Aviv cha kuwafundisha watu wa Afrika na Asia mambo ya vyama vya wafanya kazi na ushirika, na watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliokwenda kusoma. Mambo ya dola yakaja kuingia kati. Kenya ilivunja ubalozi na Israel mwaka 1973, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika baada ya vita vya Oktoba, ikaurudisha mwaka 1988.

Lakini ndugu, mgeni huonyeshwa sebule, haonyeshwi jikoni. Anayetaka kujua jikoni mna nini sharti asome kazi za wenye elimu waliofungua majalada ya zamani. Mwaka 1985 wataalamu wa mambo ya Israel walianzisha shirika lao la kimataifa la elimu hiyo. Na huko Beirut, tangu 1963, kuna taasisi ya elimu ya Palestina. Wataalamu hawa hawapatani katika kila jambo. Twasoma wa pande zote, kama vile katika kesi ya kazini tunavyosikiliza mwenye duka na mfanya kazi, kisha tunadai karatasi za mishahara.

Gershon Shafir, katika kitabu chake cha 1989, aliuliza swali ambalo kila mmoja wetu analifahamu: nani atakubali mshahara mdogo? Wafanya kazi Wayahudi waliotoka Ulaya waliwakuta wenye mashamba wakiwaandika Waarabu kwa ujira wa chini, watu waliokuwa bado na vijiji vyao vya kuwasaidia kuishi. Zilikuwako njia mbili. Moja, wote waungane wadai ujira mmoja. Ya pili, Mwarabu afungiwe mlango. Viongozi wengi walishika ya pili, wakaiita kazi ya Kiebrania. Zeev Sternhell, ambaye mwenyewe alikuwa Mwisraeli, aliandika kwamba kwa viongozi hao kujenga taifa kulitangulia usawa wa wafanya kazi. Wako wataalamu wanaompinga, wakisema bila taifa wafanya kazi wale wasingepata kitu.

Hata hivyo njia ya kwanza haikufa kabisa. Zachary Lockman, aliyesoma maandishi ya Kiarabu na ya Kiebrania, ameeleza habari za wafanya kazi wa reli. Mwezi wa Aprili 1946 watu wa posta, wa reli na wa maofisi ya serikali, Waarabu na Wayahudi, waligoma pamoja kwa maelfu. Miaka miwili baadaye vikaja vita vya 1948. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na umoja ule ukavunjika. Waarabu waliobaki katika Israel walitawaliwa kijeshi hata 1966. Histadrut yenyewe ilikata shauri la kuwapokea kuwa wanachama kamili mwaka 1959.

Sasa tuje kwenye shauri letu. Mwaka 1951 mabaharia wa Israel waligoma. Walitaka viongozi waliowachagua wao wenyewe, si waliowekwa kutoka juu. Meli nyingi zilikuwa za kampuni ya ZIM, na Histadrut ilikuwa mmoja wa wenye kampuni hiyo. Basi baharia alikwenda kushtaki kwa nani? Chama chake kilikuwa upande wa pili wa meza. Histadrut iliupinga mgomo, polisi wakaingia melini katika bandari ya Haifa, na wagomaji wengine wakaitwa jeshini. Mgomo ulivunjwa. Watu wa Mombasa wanaojua kazi ya bandari wataielewa habari hii bila kuelezwa zaidi.

Tena tazameni mwisho wa mali ile. Katika miaka ya mwisho ya 1980 Koor ilizama katika madeni, ikawaachisha kazi maelfu. Viwanda na benki viliingia mikononi mwa watu wengine. Tarehe 1 Januari 1995 sheria mpya iliwapa wakazi wote bima ya matibabu pasipo kadi ya chama. Wanachama wakatoka, hata hesabu yao ikashuka chini ya nusu. Ndipo ikajulikana kwamba wengi walikuwamo kwa ajili ya daktari tu. Histadrut ingali hai, inapatana mishahara na kuitisha migomo, lakini kama chama cha wafanya kazi, si kama dola ndani ya dola.

Hatusemi chama kisiwe na mali kamwe. Hospitali na benki zile ziliwafaa watu wengi, na chama kisicho na akiba hakiwezi kustahimili mgomo wa wiki mbili. Twasema haya: kabla ya kununua basi la kwanza, tuandike majibu ya maswali matatu. Dereva wa basi letu akidhulumiwa, nani atamtetea, na je, ataruhusiwa kugoma? Vitabu vya biashara vitakaguliwa na nani asiye mmoja wa viongozi? Na hasara ikija, italipwa kwa ada za nani?

Mkutano mkuu ukikutana, kila tawi lije na majibu yake yameandikwa. Asiyetaka maswali haya yaulizwe sasa, atakapokuwa tajiri hatataka kuulizwa kabisa.

Umoja ni nguvu.