Parseli ya bei rahisi na haragwe jekundu

(Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama na wafadhili, Uvira)

Mulituomba tuseme juu ya parseli, maana wandugu waliotoka kambini Tanzania wanatafuta pa kujenga, na pesa ya mfuko wetu ni kidogo. Kando ya Mulongwe parseli ni rahisi. Kila mutu anajua sababu: usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto ulitoka mahali pake, ukabeba nyumba na watu.

Lakini tunasikia neno moja kila tunapopita kwenye kartie: « Ile ilikwisha pita, haiwezi rudi sasa hivi. » Hapo ndipo hesabu inatusaidia.

Twaa kikombe, weka maharagwe 10, moja liwe jekundu. Kila mwaka unafumba macho, unatoa moja, kisha unalirudisha. Jekundu ni mafuriko. Kama ulilitoa mwaka jana, mwaka huu bado limo ndani. Kikombe hakikumbuki kitu. Ukifanya vile miaka 10, nafasi ya kulikuta hata mara moja ni karibu 65 kwa 100. Na nyumba hatujengi ya miaka 10, tunajengea watoto.

Sasa pesa. Tuseme, mfano tu, parseli ya kando ya mto ni dola 800, ya mbali na maji ni 1400, na nyumba ni dola 1500. Ikiwa maji yanaibomoa mara moja kwa miaka 10, ni sawa na kupoteza dola 150 kila mwaka. Ile 600 uliyookoa inaisha kwa miaka 4. Na hapo hatujahesabu mutu, maana mutu hana bei.

Ziwa ni jambo lingine. Tanganyika haliji usiku mumoja likarudi. Linatoka kwa mulango mumoja tu, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo likipanda linakaa. Mwaka 2024 liliingia kwenye nyumba hapa Uvira na Kalemie pia. Likiwa juu mwaka huu, tuhesabu kwamba mwaka kesho litaanzia palepale juu. Kikombe cha maharagwe hakifai kwa ziwa.

Kupanda mulimani nako si dawa ya yote. Wanaokata miti na kuchimba huko juu ndio wanaoteremusha mawe kwa wa chini. (Wengine ni sisi wenyewe, na tunacheka!)

Tunaomba mambo mawili. Wafadhili, musihesabu tu nyumba ngapi zimejengwa. Ulizeni zimejengwa wapi, na mukubali zipungue kama parseli nzuri ni ghali. Na wazee, mutembee pamoja nasi juma lijalo, mutuonyeshe ukutani maji yalifika wapi 2020. Tutapiga alama ya rangi. Tunaanzia kwenye daraja la Mulongwe, saa mbili asubuhi, na kila mutu aje na kofia, maana jua ni kali.